Baba alizama na meli, hana kaburi, wale malaika wanamuuliza wapi?

SUALI: Assalaam alaykum sheikh. Kwetu Wete, Pemba, lakini sasa naishi Unguja. Baba yetu alikuwemo kwenye MV Spice Islander usiku ule wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, alikuwa anarudi nyumbani baada ya Idi na mzigo wa duka. Kaka zangu walizunguka viwanja vya Maisara kuangalia maiti mpaka wakachoka, hatukumpata. Hakuoshwa, hakuvishwa sanda, hana kaburi la kumzuru. Msikitini kwetu waliswali swala ya ghaibu, yani ya kumswalia maiti asiyekuwepo mbele yao, wengine wakasema haifai. Sasa malaika wanamuuliza wapi? Na kama mwili umeliwa na samaki siku ya kiama itakuwaje? Mama mpaka leo hali samaki, hata dagaa. Tena anamuota baba anakuja amelowa, anatetemeka, anasema nasikia baridi. Kuna mzee kamwambia roho ya baba haijapokewa, inatangatanga baharini, anataka mbuzi mweusi na laki nne akachinje ufukweni aitulize, na mama ashaanza kukusanya pesa. Sheikh, baba alikuwa mtu mwema, hata yule tajiri wa Darajani aliyemkopesha mzigo ule wa vyombo wa laki tatu na nusu alikuja mpaka Wete akalia na sisi, pesa hakuzitaja. Nijibu tafadhali maana usingizi sipati.

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, Allah amrehemu baba yako na akupeni subira nyote, khasa mama. Meseji yako nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho baada ya Alfajiri, na ntakujibu kwa urefu manake hili si suali lako peke yako, tangu mwaka ule nimeulizwa na wengi, halafu mwaka wa pili yake ikazama meli ya Skagit tarehe 18 Julai kule karibu na kisiwa cha Chumbe yakaja tena maswali yale yale.

Tuanze na hilo neno kaburi, manake ndo linalokusumbua. Sisi tukisikia kaburi tunaona shimo, mwanandani, viunza, udongo, na jiwe kichwani. Lakini wanavyuoni wakisema neema ya kaburi au adhabu ya kaburi wanakusudia barzakh, yani yale maisha ya baina ya kufa na kufufuliwa, na imetajwa kwenye Suratul Muuminun aya ya 100, kwamba mbele yao kuna barzakh mpaka siku watakapofufuliwa. Imeitwa kaburi kwa sababu watu wengi huzikwa, basi, si kwamba asiyezikwa hana barzakh. Aliyeliwa na simba anayo, aliyeungua moto anayo, na aliyezama anayo. Kasome Surat Nuh aya ya 25, watu wale waligharikishwa kisha wakatiwa motoni, na kwa Kiarabu ile herufi fa iliyotumika pale inaonyesha jambo la pili limefuatia la kwanza bila ya kukawia, kwa hiyo wanavyuoni wakaifanya ni dalili ya adhabu ya barzakh. Sasa niambie wale nani aliwachimbia makaburi? Wote walikuwa majini. Simfananishi baba yako na watu wale, astaghfirullah, nnachotaka uone ni kwamba maji hayamzuii Allah kumfikia mja wake, si kwa adhabu wala kwa rehma. Malaika wanamuuliza pale pale alipo. Hawahitaji shimo letu.

Na hili la samaki. Kuna hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, nakuomba uisome polepole. Mtume, rehma na amani zimshukie, katusimulia mtu wa zamani aliyekuwa na madhambi mengi, yalipomfika mauti akawausia watoto wake, nikifa nichomeni moto, kisha mnisage, kisha muusubiri upepo, nusu ya jivu langu mlitupe bara na nusu mlitupe baharini, manake Mola wangu akinipata ataniadhibu adhabu ambayo hajamuadhibu mtu. Wakafanya. Allah akaiamrisha bahari ikakusanya kilichokuwa ndani yake, akaiamrisha bara ikakusanya kilichokuwa ndani yake, mara yule mtu kasimama mzima. Akaulizwa, nini kilichokufanya ufanye vile? Akasema ni kukuogopa wewe ewe Mola wangu. Akamsamehe. Sasa mtu huyu alijitahidi khasa apotee, kajifanya unga kakabidhi upepo, na bahari ilipoambiwa toa haikusema nimeshampoteza. Baba yako hakujificha, alikuwa anarudi kwa watoto wake. Unadhani Allah atashindwa kumkusanya huyo?

Watu wa ilmul kalam, yani wanaojadili itikadi kwa hoja, walilijadili sana hili, mtu akiliwa na mnyama, mnyama akaliwa na mtu mwengine, kipande hiki ni cha nani, na wamejaza kurasa. Mimi hunitosha aya za mwisho wa Suratu Yasin, yule mtu aliyesema nani ataihuisha mifupa iliyooza, akajibiwa ataihuisha yule yule aliyeiumba mara ya kwanza. Na wewe huijua vizuri kuliko mimi, kwenu Yasin inasomwa kila usiku wa Ijumaa.

Mama kutokula samaki muache. Mimi najua watakuja watu kumwambia bi mkubwa hii ni imani mbovu, samaki ni halali, na kweli ni halali, Mtume aliulizwa kuhusu bahari akasema maji yake ni tohara na mfu wake ni halali. Lakini usiende kumsomea mama hadithi hiyo sahani iko mbele yake! Hakuna pahala sheria ilipomlazimisha mjane kula nguru. Mtume mwenyewe aliletewa nyama ya dhabi, yule mjusi wa jangwani, akarudisha mkono, Khalid bin Walid akauliza ni haramu? akasema hapana, ila hakuwepo katika ardhi ya watu wangu, nafsi yangu haimtaki. Khalid akala yeye akawa anamwangalia. Kwa hiyo mtu anaweza kuacha kitu kwa nafsi yake, sharti asiseme ni haramu. Wewe mpikie kuku.

Kuoshwa na sanda, hayo ni wajibu wetu sisi tulio hai, si wajibu wa maiti, na wajibu usiowezekana unaondoka. Mwili haukupatikana, hamna dhambi na yeye hakupungukiwa kitu. Swala ya ghaibu, wale waliosema haifai hawakusema kutoka hewani, Imam Nawawi kwenye kitabu chake cha fiqhi, Minhaj, kasema aliyefukiwa na kifusi na mfano wake ikawa haiwezekani kumtoa na kumuosha haswaliwi, na ndo kauli inayotegemewa na wengi katika sisi Mashafii. Lakini wapo ndani ya madhehebu yetu hayo hayo waliosema kinachowezekana hakiachwi kwa sababu ya kisichowezekana, kumuosha kumeshindikana, kumswalia hakujashindikana, na asili ya swala ya ghaibu ni Mtume alipomswalia Najashi mfalme wa Habasha akiwa mbali naye. Mimi moyo wangu uko na hawa wa pili. Mliswali, Allah aikubali, musirejee kubishana tena miaka yote hii.

Tena kuna bishara ambayo nashangaa hakuna aliyekwambia. Mtume kasema mashahidi ni watano, aliyekufa kwa tauni, aliyekufa kwa ugonjwa wa tumbo, aliyezama, aliyeangukiwa na jengo, na aliyekufa katika njia ya Allah. Aliyezama yumo. Sasa huyo mzee wa mbuzi anakwambia roho haijapokewa, na Mtume anamhesabu aliyezama na mashahidi, wewe chagua mwenyewe umsikilize nani. Roho haitangatangi. Suratuz Zumar aya ya 42 inasema Allah ndiye anayezichukua roho wakati wa kufa kwake, na ile aliyoihukumia mauti huizuia. Imezuiliwa kwake. Haizururi Nungwi kule ilikozama meli kutafuta mbuzi. Na kuchinja kwa kuituliza bahari au vilivyomo ndani yake ni jambo zito mno, Mtume kasema Allah amemlaani mwenye kuchinja kwa ajili ya asiyekuwa Allah. Wanaokuja kwa mjane na bei mkononi mimi nawajua, wakiona machozi wanaona soko.

Ndoto nayo isikutie wazimu. Hadithi imezigawa tatu, njema itokayo kwa Allah, ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na ile ambayo mtu anajisemesha mwenyewe nafsini. Mama kalala miaka na picha ya mumewe majini, ataota yuko wapi kama si majini? Mwambie akishtuka ateme mate makavu kushotoni mara tatu, aombe kinga kwa Allah dhidi ya shetani, ageukie ubavu mwengine, na asiihadithie. Hilo la kutoihadithia ndo gumu, manake kwetu mtu akiota asubuhi mtaa mzima unajua, na ndivyo yule mzee alivyopata habari.

Sasa mwanangu nije kwenye kitu ambacho hukuniuliza. Umekiandika mwishoni kwa kupita tu kama sifa ya baba, kwamba tajiri wa Darajani alimkopesha mzigo wa laki tatu na nusu, akaja akalia, pesa hakuzitaja. Nikaisoma mara ya pili nikitafuta pahala uliposema tulimlipa au alisema amesamehe. Hamna. Kutotaja si kusamehe, yule ni mtu mwenye haya, kaja kwenye msiba, angezitaja vipi?

Hapa ndo usingizi ungefaa ukukose. Mtume, kwenye Sahih Muslim, kasema shahidi husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Umeona? Ile bishara niliyokupa juu huko ina mlango mmoja umebaki, na ufunguo wake mko nao nyinyi. Ipo riwaya kwa Ibn Majah inayosema shahidi wa baharini husamehewa hata deni, nakutajia kabla hujaletewa na mtu, ni dhaifu sana, usiitegemee. Kuna siku lililetwa jeneza Mtume akauliza ana deni? Wakasema dinari tatu. Ameacha kitu? Wakasema hapana. Akasema mswalieni mwenzenu, yeye hakuswali, mpaka Abu Qatada aliposema mswalie ewe Mtume wa Allah, deni lake niachie mimi, ndo akamswalia. Dinari tatu tu!

Kwa hiyo kaeni ndugu wote. Kama baba aliacha chochote, kiwanja, mikarafuu, hata duka lenyewe, na mkagawana, basi mlitanguliza cha nyuma, manake Qur-ani kwenye Suratun Nisaa inaweka mirathi baada ya wasia na deni, kila mmoja arejeshe kwa kiasi cha alichopata. Kama hakuacha kitu, watoto hamlazimiki, lakini nani katika nyinyi atataka kusema hivyo? Kinachodaiwa ni laki tatu na nusu ile ile, mwenye mali hana haki ya kudai zaidi kwa kuwa shilingi imeshuka, lakini mkimuongeza wenyewe kwa hiari ni uzuri, Mtume kasema mbora wenu ni mbora wenu katika kulipa. Akiwa ameshakufa wapeni warithi wake. Na wakikosekana kabisa baada ya kuwatafuta kikweli, itolewe sadaka kwa niaba ya mwenye haki.

Na angalia hesabu, mama ashaanza kukusanya laki nne za mbuzi. Deni ni laki tatu na nusu, inabaki hamsini elfu. Hiyo hamsini itieni kwenye kisima au msikiti kwa nia ya baba, Saad bin Ubada mama yake alifariki yeye hayupo, akamuuliza Mtume nikimtolea sadaka itamfaa? Akasema ndiyo, akatoa shamba lake zima. Wewe una hamsini elfu, Allah anajua ulivyo.

Ulisema unaishi Unguja, basi Darajani hapo ni mwendo wa daladala moja. Ukifika dukani usianze na hadithi ndefu ya meli, yule mtu anaijua. Mwambie mimi ni mtoto wa fulani, baba alikuwa na deni hapa, nimekuja kulipa. Akisema nimesamehe, mwambie aseme mbele ya mtu mwengine, kisha umpigie mama simu papo hapo uiweke spika amsikie mwenyewe kwa sauti yake. Na akizipokea pesa pia mpigie mama.

Allah ndiye mjuzi zaidi.