Sensa yasema boti imelala nyuzi 30, nayo imefungwa mwaloni

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Igombe, Mwanza. Nimefunga sensa ya MPU-6050 kwenye boti ya dagaa ya baba mdogo, king'ora kilie boti ikilala zaidi ya nyuzi 25. Ikiwa imetulia mwaloni, pembe inapanda yenyewe, na baada ya dakika moja inasoma nyuzi 30. Tukiwasha injini, namba zinarukaruka. Nasoma mara 20 kwa sekunde. Nimejaribu kuchukua wastani wa visomo 50, wapi. Jairo (sehemu ya sensa inayopima kasi ya kugeuka) ikitulia inatoa namba kati ya 52 na 80. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hizo namba mbili za mwisho zimenisaidia sana. Katikati ya 52 na 80 ni 66. Sensa hii ikiwashwa huanza na kipimo cha nyuzi 250 kwa sekunde, na hapo kila nyuzi moja kwa sekunde huandikwa 131. Gawanya 66 kwa 131 unapata kama 0.5. Jairo yako inaamini boti inageuka nusu nyuzi kila sekunde, na programu yako inajumlisha tu. Sekunde 60, nyuzi 30.

Kule kurukaruka kati ya 52 na 80 ni kelele, na wastani unaipunguza. Lakini 66 yenyewe ni kosa lililoegemea upande mmoja. Hata ukichukua wastani wa visomo milioni, utabaki 66. Dawa yake ni kuitoa.

Weka kiboksi chako juu ya jiwe, na Mwanza mawe hatujakosa. Si lazima jiwe liwe sawasawa, kwa sababu jairo haijali mlalo. Inachotaka ni utulivu. Soma mara 2,000, pata wastani wa kila mhimili, kisha toa wastani huo kwenye kila kisomo kinachofuata. Usifanye hivyo sensa ikiwa baridi. Iwashe, isubiri dakika kumi ipate joto lake, ndipo upime. Kosa hili huhama na joto: lililopimwa saa sita mchana juani silo la saa tisa usiku ziwani. Sensa ina kipimajoto ndani (namba yake gawanya kwa 340, ongeza 36.53, unapata selsiasi), kwa hiyo pima asubuhi, mchana na usiku, uweke jedwali dogo ndani ya programu.

Sasa injini. Kusoma mara 20 kwa sekunde ni kuchache mno, na hili nililiona kwa macho yangu pale Mwaloni Kirumba: ziwa limetulia kama kioo, grafu inaonyesha wimbi la taratibu, moja kila sekunde mbili. Halikuwa wimbi. Injini ikizunguka mara 3,570 kwa dakika, mtikisiko wake ni 59.5 kwa sekunde. Ukiusoma mara 20 kwa sekunde unajigeuza kuwa 0.5. Ukishajivika sura ya wimbi, hakuna hesabu itakayoutenganisha na wimbi la kweli. Uzuie mapema: andika 4 kwenye rejista namba 26 (kisehemu cha kumbukumbu ya sensa kinachohifadhi mipangilio), chujio la ndani likate yanayozidi kama 20 kwa sekunde, kisha soma mara 200. Kiboksi kifunge kwenye taruma la katikati, mbali na injini, na kipande cha tyubu chini yake.

Mwisho, changanya jairo na akselerometa (sehemu ya sensa inayohisi uzito na msukumo, hivyo hujua upande wa chini), maana jedwali halitamaliza kosa lote. Hapa vijana wengi hukosea kwa kuipa jairo sehemu ya 0.98 kwenye mchanganyiko huo, namba inayofaa roboti ya mezani. Ukisoma mara 100 kwa sekunde, namba hiyo inaiamini akselerometa ndani ya nusu sekunde, na boti ikipanda wimbi akselerometa hudanganyika, kwa sababu msukumo wa maji huchanganyika na uzito. Kwa visomo 200 tumia:

pembe = 0.9995 × (pembe + jairo × 0.005) + 0.0005 × pembe ya akselerometa

Hapo 0.005 ni sekunde kati ya kisomo na kisomo. Hiyo inangoja kama sekunde 10, muda unaotosha mawimbi kadhaa kupita. Gharama yake ni kwamba kosa la jairo lililobaki linazidishwa kwa 10. Likiwa 0.02 utakosea nyuzi 0.2 tu, ukiacha 0.5 yako bila kuitoa utakosea nyuzi 5, na king'ora cha 25 kitalia boti ikiwa 20. Ndiyo maana jiwe linatangulia.

Uelekeo wa boti usiutafute humo. Akselerometa haiwezi kuurekebisha. Chukua wa GPS.

Kabla ya kuipeleka ziwani, ilaze kwa mkono kwenye skwea ya seremala, nyuzi 90, uirudishe, mara ishirini. Isiporudi karibu na sifuri, usimpe baba mdogo. Nitumie namba ghafi za mhimili usiorudi na joto la sensa, tuitazame pamoja.