Mlioanza tiba shufaa, ulizeni ya usiku kwanza

Asalaam aleykum. Naandika haya kwa manesi na wahudumu wa kujitolea mliopangiwa tiba shufaa karibuni, yaani kumtuliza maumivu na kumuuguza mgonjwa ambaye maradhi yake hayaponi, pamoja na nyie mliohamishwa kutoka wodi nyengine bila hata kuulizwa (najua mpo), mana kila mara naulizwa swali hilo hilo, dada nitajuaje kama timu niliyoingia inafanya kazi kweli au ni kibao tu mlangoni? Na familia wanauliza vile vile kwa maneno yao, mama karudi kutoka Ocean Road, ile spitali ya saratani ya Dar, tumeambiwa matibabu ya kuondosha saratani yamefika mwisho, sasa tumkabidhi kwa nani. Jibu langu halibadiliki. Jengo usilitizame, gari lenye maandishi ubavuni usilitizame, uliza saa 8 za usiku mgonjwa akishikwa na maumivu inakuwaje.

Mchana kila timu ni nzuri. Dakta yupo, stoo imefunguliwa, dereva yupo nje anapiga soga. Usiku ndo nyumba imelala, mgonjwa anauma shuka asije akawaamsha wajukuu, na binti yake kakaa pembeni na simu mkononi hajui ampigie nani. Kwa hiyo ukiingia timu mpya, jioni moja baada ya Isha ipigie ile namba wanayopewa familia, piga kwa laini nyengine wasiyoijua. Inapokelewa? Aliyepokea anajua huyo mgonjwa anatumia dozi gani, au anaanza kuuliza jina mara tatu? Nimeona sehemu ambayo namba ya dharura ni simu ya mkononi ya nesi mmoja tu maskini, akienda harusi Makunduchi au chaji ikimwishia basi kisiwa kizima hakina huduma. Huyo nesi si mbaya, mpango ndo mbaya. Namba inatakiwa izunguke, wiki hii kwako wiki ijayo kwa mwenzako, na daftari la wagonjwa lizunguke pamoja na hiyo simu.

Na kama jibu la usiku ni "mleteni asubuhi", basi angalieni tena. Timu inayojua kazi imeshamwachia mgonjwa dozi ya ziada nyumbani, imeshamfundisha binti ajue lini aitoe na kwa sirinji ipi, kwa hiyo simu ya usiku mara nyingi ni ya kumtia moyo tu, ndio mpe, mpe hiyo hiyo, baada ya nusu saa nipigie tena.

Sasa mofini, ile dawa kali ya maumivu. Hapa ntakaa kidogo mana hapa ndo penye kazi yenyewe.

Cicely Saunders, dakta wa Kiingereza, alipofungua hospisi (nyumba ya kuuguzia wagonjwa wasiopona) ya St Christopher's kule London mwaka 1967, jambo kubwa alilolisimamia ni kwamba dawa ya maumivu itolewe kwa saa, isisubiriwe mpaka mtu alie. Dakta mwengine, Anne Merriman, akaanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 pale Kampala, na wao wakaonesha kwamba poda ya mofini ikichanganywa inakuwa dawa ya maji ya bei nafuu, mtu anainywa kwake kitandani bila drip wala sindano. Hayo yote mtasoma skuli. Msichofundishwa skuli ni namna ya kuuliza. Usiulize "mofini mnayo?" mana utajibiwa tunayo. Uliza ilikwisha lini mara ya mwisho, ilikaa siku ngapi bila kupatikana, na wagonjwa mliwafanyaje. Mtu mkweli atakwambia ilikwisha, tukaazima sehemu fulani, fulani tukampeleka spitali kwa siku mbili. Anayekwambia haijawahi kukwisha hata siku moja, fungua rejista mwenyewe.

Alafu tizama namna wanavyoielezea kwa familia. Mofini ya maji inanywewa kila baada ya saa 4: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na ya saa 4 usiku inatolewa maradufu ili mtu alale mpaka asubuhi. Huku kwetu watu saa zao ni adhana, na ukiwaambia tu "mara tano kwa siku" wataifunga na swala tano, wallahi kila nyumba, na wanafanya kwa nia njema kabisa. Hebu hesabu mwenyewe. Magharibi na Isha zimepishana kama saa moja na kidogo, kwa hiyo dozi mbili zinagongana, alafu kutoka Isha mpaka Alfajiri ni saa tisa hivi mgonjwa hana kitu mwilini. Usingizi unamzidi jioni, maumivu yanamzidi usiku, na familia wanasema dawa haifai. Timu nzuri utaikuta imeandika karatasi kwa mkono, saa imechorwa kwa asiyesoma, imebandikwa ukutani juu ya kitanda. Nikiingia nyumba kitu cha kwanza natafuta hiyo karatasi kabla sijafungua faili.

Ukiikuta mofini bila dawa ya kulainisha choo pembeni yake, shtuka. Usingizi na kichefuchefu vya siku za mwanzo kwa kawaida vinaondoka, kufunga choo hakuondoki chenyewe, na mtu aliyefunga choo wiki nzima anateseka kuliko na saratani yenyewe, na hasemi mana anaona haya, hususan wazee wa kiume mbele ya nesi mwanamke. Timu isiyouliza habari ya choo bado haijaanza.

Na khofu ya unga. Hapa visiwani unga umeharibu vijana wetu, hakuna ukoo usiojua, sasa baba akisikia hii dawa ni ya jamii moja na heroini anakataa, anasema mke wangu afe na heshima yake, na mwengine anauliza kama si haramu. Huduma ya hovyo inaacha panadol inaondoka. Huduma nzuri inakaa kitako inaeleza kwamba anayepimiwa kidogo kidogo kulingana na maumivu yake si sawa na anayetafuta kulewa, mwili unaweza kuzoea na ndo mana haikatwi ghafla, inapunguzwa taratibu, na kama familia wanataka wanamwita sheikh wao wanayemuamini aje asikilize. Tena inauliza swali ambalo wengi wanaliogopa: humu ndani anaishi nani? Mana kama kuna kijana anatumia, chupa inakaa kabatini kwa ufunguo, na kiwango kinawekewa alama kwa kalamu kila inapofunguliwa. Kuuliza hivyo si dharau, kunailinda nyumba.

Haya, faili. Wengi mnapenda kuhesabu ziara, timu yetu imetembelea nyumba kadhaa mwezi huu, inapelekwa kwenye ripoti watu wanapiga makofi. Ziara si nafuu. Fungua faili moja lolote, usichaguliwe, tizama maumivu yamepimwa vipi. Barani Afrika kuna kipimo cha chama cha tiba shufaa, APCA, maswali 10, saba ya mgonjwa na matatu ya anayemuuguza, na majibu ni 0 mpaka 5, kwa hiyo mkono mmoja unatosha, bibi asiyejua kusoma anakuonesha vidole. Ninachotafuta mie ni kitu kidogo tu: siku ya kwanza vidole vinne, dozi imebadilishwa, ziara iliyofuata vidole vingapi? Kama faili zima limeandikwa "mgonjwa anaendelea vizuri", "mgonjwa anaendelea vizuri", mpaka ukurasa wa mwisho "mgonjwa amefariki", basi hapo hapakuwa na mtu anayesikiliza.

Na yale maswali matatu ya anayemuuguza msiyaruke. Mara nyingi ni binti mmoja kaacha kazi yake, au mkwe, hajalala, mgongo unamuuma kwa kumgeuza mama kila baada ya saa mbili. Muulize yeye kando, jikoni, si mbele ya mgonjwa wala mbele ya mashemeji.

Kuna kitu chengine kinachonionesha timu kwa haraka sana, nacho ni harufu. Mwanamke mwenye saratani ya titi iliyopasuka nje, au ya shingo ya kizazi, anajifungia chumbani, hataki wifi zake waingie, udi unafukizwa kutwa na bado. Timu isiyojua inabadilisha bandeji inakimbia. Inayojua inasafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, inasaga vidonge vya metronidazole, dawa ya kuua bakteria, mpaka viwe unga laini, inanyunyiza juu ya kidonda, inafunika. Baada ya siku chache harufu inapungua sana, na mimi nimeona mtu akaomba doti yake ya kanga nzuri, akataka mlango ufunguliwe. Dawa yenyewe ni ya bei ndogo, ipo kila duka la dawa. Kwa hiyo ukienda kukagua mahali, uliza "kidonda kinachonuka mnakifanyaje", na uone kama mtu anajibu kwa mikono yake au kwa maneno ya semina. Uliza pia nani anakisafisha, mana mwanamke wa kwetu kufunguliwa kifua na nesi wa kiume wakati wa kike yupo, hilo familia hawatalisahau.

Kuhusu ukweli. Familia watakuvuta nje wakwambie usimwambie mzee kama ni saratani. Msigombane nao, na msiwatii moja kwa moja. Timu iliyokomaa inamuuliza mgonjwa mwenyewe taratibu, wewe unaelewa nini kuhusu haya maradhi, ungependa kujua zaidi au tuzungumze na watoto? Wengine wanajua zamani, wanawaficha watoto, watoto wanamficha yeye, na kuna deni la mtu au shamba la mikarafuu halijaandikiwa wasia. Ukiona timu inaamua haya yote na mtoto wa kiume mkubwa peke yake, mgonjwa kageuzwa kuwa mzigo unaojadiliwa.

Dini ntasema kidogo tu. Wakati ukifika, anayekaa karibu na kichwa ni mtu wake wa kumlakinia shahada, si wewe na mashine ya presha. Timu nzuri imeshawaambia familia mapema pumzi zitabadilika vipi, miguu itapoa, maji asilazimishwe kunywa mana anapaliwa, midomo ilowanishwe tu kwa pamba. Wakijua hayo hawamkimbizi mtu kwa teksi usiku kwenda kufia barazani kwa spitali.

Nyinyi wa Pemba mna mtihani wenu. Huduma iliyopo Chake mjini tu si huduma ya Pemba. Uliza Kojani wanakwenda na nini, Kisiwa Panza je, na bahari ikichafuka nani yupo kule kule aliyefundishwa. Hata Unguja uliza Tumbatu. Mara nyingi jawabu ni mhudumu wa kujitolea wa shehia mwenye simu, na hakuna ubaya, mradi kafundishwa, ana glavu, na akipiga anasikilizwa bila kuambiwa "wewe si nesi". Na anayerudi kwa boti kutoka Dar, karatasi zake zinafika kwa timu kabla yake au zinakuja zimekunjwa kwenye mkoba wa mtoto wake? Hapo katikati ya bahari ndo wagonjwa wengi wanapotea.

Pesa, msione haya kuuliza. Nini bure, nini mtanunua, na kama familia wanaombwa "ya mafuta" kimya kimya, hilo litajwe wazi kwenye kikao. Nimeona watu wakiacha kupiga simu kwa sababu hawana ya mafuta, na timu inaandika familia haina ushirikiano.

Mwisho wa kazi si kifo, na hapa timu nyingi zinaanguka. Kule Marekani, Medicare, bima ya afya ya serikali yao, wanataka familia zipelekewe dodoso miezi kadhaa baada ya msiba, waseme simu ilipokelewa au la, maumivu yalitulizwa au la. Sisi hatuna dodoso lakini tuna hitma, na tuna mjane aliyekaa eda miezi minne na siku kumi yumo ndani anakumbuka kila kitu. Mwende, wanawake wa timu mwende, mumsalimie, alafu mumuulize. Atakwambia ambacho hakukwambia mumewe alipokuwa hai, usiku gani mlichelewa, nani alimjibu vibaya. Andikeni na mkisome kwenye kikao, na aliyetajwa asifukuzwe.

Ila siku ya mazishi yenyewe kuna kazi moja haingoji eda. Chupa ya mofini iliyobaki inarudi siku hiyo hiyo, inapimwa mbele ya mtu wa nyumbani, inaandikwa kwenye rejista, wote wawili wanatia saini, mana nyumba ya msiba anaingia kila mtu na kabati siku hiyo halina mlinzi.