Amesema Uhusiano Wetu Uwe "wa Kiplato"

Mwanangu mpendwa,

Unasema kijana mliyezoeana kwa miaka 3 amekuomba uhusiano wenu uwe "wa kiplato", nawe badala ya kumuuliza ana maana gani ukakesha ukisoma mazungumzo ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kuhusu karamu, ukakuta humo kwamba safari ya mapenzi huanza kwa kuutamani mwili mmoja mzuri. Sasa wataka kujua kama huo ni mwaliko aliouficha katika fumbo.

Kusoma umesoma vizuri. Katika mazungumzo hayo Socrates, mwalimu wa Plato, anasimulia alivyofunzwa na mwanamke mwenye hekima aitwaye Diotima kwamba mpenzi hupanda kama apandaye ngazi, kutoka mwili mmoja hadi miili yote mizuri, kisha roho, sheria na elimu, mpaka aufikie uzuri wenyewe. Tamaa ni kipandio cha kwanza, wala haikukatazwa. Lakini kijana wako hakumnukuu Plato. Ametumia neno, na neno hilo limetembea mbali na mwenye jina, aliyefariki mwaka 347 KK. Mapenzi ya kiplato ni msemo wa Marsilio Ficino, kasisi na mwanazuoni wa Florence wa karne ya 15, aliyetaka kumpatanisha Plato na Ukristo. Ulipofika katika jumba la kifalme la Uingereza miaka ya 1630, ulikuwa umekwisha kuwa jina la penzi lisilogusana, na wapo walioufanyia mzaha. Kipandio cha kwanza kilikuwa kimeng'olewa.

Majina ya wanafalsafa hupatwa na hayo mara tu yanapovikwa "ki" au "u" mbele. Epicurus, Mgiriki mwingine wa kale, aliridhika na mkate na maji, akamwomba rafiki kijungu cha jibini ili aweze kujifanyia karamu siku akipenda, na bado jina lake limekuwa la walaji wa anasa. Marx naye, kwa mujibu wa rafiki yake Engels, aliwatazama waliojiita Wamaksi huko Ufaransa akasema yeye si Mmaksi, jambo ambalo hunichekesha kila nikilikumbuka.

Kwa maana ya leo, basi, kijana huyo ameomba urafiki usio na kitanda, na sioni fumbo lolote. Ninachokiona ni kwamba umemwendea marehemu wa zaidi ya miaka 2,000 kwa kuliogopa jibu la mtu aliye hai. Muulize kwa maneno yasiyobeba jina la mtu: je, unanipenda kama mchumba, au kama rafiki tu? Akisema rafiki tu, tafadhali usimsomee Diotima.