Mama ana uvimbe kichwani, apasuliwe?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama alitibiwa saratani ya titi. Sasa anaamka kichwa kinamuuma, anatapika, na mkono wa kulia unadondosha kikombe. MRI imeonyesha uvimbe mmoja kwenye ubongo. Shangazi anasema ukipasuliwa unasambaa mwili mzima. Ni kweli? (Binti, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo la kisu kuamsha saratani nalisikia kliniki kila mara, na shangazi asinikasirikie, si kweli. Uvimbe ulioanzia ubongoni ni nadra sana kutoka nje ya kichwa. Saratani ya titi, mapafu au figo ndiyo hupanda na damu hadi huko. Ukiwa mmoja, panafikika, na kwingineko ugonjwa umetulia, kuutoa kunafaa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1990 ulionyesha waliopasuliwa kisha wakapigwa mionzi waliishi zaidi ya waliopigwa mionzi tu. Tena, wagonjwa 6 kati ya 54 walikutwa hawana saratani iliyosambaa, bali kitu kingine kabisa! Kwa hiyo kinyama kitakachotolewa lazima kipimwe maabara. Hapa Dar, upasuaji hufanyika MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, na mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani. Akiandikiwa deksamethasoni, dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo, asiikatize ghafla.