Sikukuu ya Mtakatifu Rosa ni lini?

SWALI: Mhariri, binti yangu Rosa anajiandaa kwa Kipaimara hapa Bagamoyo. Mwalimu wake wa dini anasema somo wake ni Mtakatifu Rosa wa Viterbo, mtawa wa Italia aliyefariki akiwa kijana. Kalenda moja inaweka sikukuu yake Machi, nyingine Septemba. Ipi ni sahihi?
Mzazi, Bagamoyo

JIBU: Zote mbili ni sahihi, ila kwenye utawa mwalimu ameteleza kidogo. Rosa, aliyezaliwa Viterbo, kaskazini mwa Roma, yapata mwaka 1233, aliomba kupokelewa na watawa Waklara wa mjini kwake, nao wakamkataa kwa kuwa hakuwa na mahari. (Huku kwetu mahari hutoka kwa mwanamume, kule binti ndiye aliyekwenda nayo, hata monasterini.) Akabaki kwa wazazi wake, amevaa vazi la toba la Wafransisko walei, akipita mitaani na msalaba mkononi kuwahimiza watu watubu na wasimame na Papa dhidi ya Kaisari Frederick II. Wafuasi wa Kaisari walimfukuza mjini yeye na wazazi wake, na hakurejea mpaka Kaisari alipofariki, Desemba 1250.

Alifariki tarehe 6 Machi 1251, hajatimiza miaka 20. Haikupita miaka kumi, Papa Alexander IV akaamuru mwili wake uhamishiwe monasteri ile ile iliyomfungia mlango, na uhamisho huo ndio unaokumbukwa tarehe 4 Septemba. Mwili ungalipo humo; mwaka 2010 watafiti walioukagua walieleza kwamba alizaliwa bila mfupa wa kidari, na kwamba yaelekea aliuawa na ugonjwa wa moyo, si kifua kikuu kama ilivyodhaniwa.

Watu wa Viterbo wenyewe wameshikilia Septemba. Usiku wa tarehe 3 taa za barabarani huzimwa, na wanaume wapatao 100, wenye nguo nyeupe na mshipi mwekundu kiunoni, hubeba mabegani mnara unaong'aa kwa taa, wa takriban mita 30 na tani 5, sanamu ya Rosa ikiwa kileleni. Huitwa wapagazi wa Mtakatifu Rosa, neno ambalo mtu wa Bagamoyo hahitaji kufafanuliwa. Njiani hutua mzigo mara kadhaa, wakapumua, wakaubeba tena. Kipande cha mwisho, chenye mwinuko, hukipanda mbio hadi kanisani kwake.