Usiuguse msimbo kabla lebo haijafungwa

Hapa Nairobi kazi yangu ni kuandaa vitabu vya kufundishia programu. Sura huletwa kama faili za XML za DocBook (muundo wa kuandikia vitabu vya kiufundi kwa lebo), na mifano ya msimbo (nikisema kodi mtadhani landilodi amebisha hodi) hukaa ndani ya elementi ya programlisting, kati ya lebo yake ya kufungua na ya kufunga. Kila mwandishi hujongeza mistari (huisogeza ndani kwa nafasi) apendavyo, kwa hiyo faili hupitishwa kwenye kichujio, programu ndogo ya kusawazisha ujongezo huo: inaingilia huku, inatokea kule, bila kupakiwa yote kwenye kumbukumbu.

Kichujio changu cha kwanza kilipita majaribio yote. Usiku wa kuamkia siku ya kupeleka kazi River Road ikachapwe, nikafungua sura moja nikakuta mistari ya Python yote imebandikwa ukingoni, hujui kipi kiko ndani ya if na kipi kiko nje. Matatu ya mwisho iliniacha nikiwa bado natafuta kosa.

Kumbe SAX, njia ya kusoma XML kipande kwa kipande niliyoitumia, haikuahidi kuleta matini ya elementi kwa mkupuo mmoja. if (a &lt; b), ambapo &lt; ndiyo namna XML inavyoandika alama <, inaweza kufika vipande vitatu: "if (a ", halafu "<", halafu " b)". Hata kila mwisho wa mstari unaweza kuja peke yake. Mimi nilikuwa nakata nafasi mwanzoni mwa kila kipande nikidhani ni msimbo mzima! Kwa hiyo lebo ikifunguka, kusanya tu. Ikifungwa, tafuta mstari wenye ujongezo mdogo kuliko yote, ukiiruka mistari mitupu, na ukate kiasi hicho hicho kila mahali. Tabu zigeuze nafasi kabla hujahesabu.

Ukiwa unaandika matokeo, kumbuka kisomaji kimeshageuza &lt; kuwa <, nawe unapaswa kuirudisha. Anza na &, ndipo <. Ukipindua utapata &amp;lt;, na mwanafunzi atasoma &lt; kwenye karatasi.

Wengine watakwambia ufungie msimbo ndani ya CDATA, sehemu ya XML ambamo alama hizo huachwa zilivyo, uepuke shida hiyo. Sawa, mpaka ukutane na x[y[0]]>3. Hiyo ]]> ndiyo inayofunga CDATA.

Mimi siku hizi napitisha kila sura mara mbili, kisha nalinganisha matokeo ya kwanza na ya pili kwa diff, programu inayoonyesha tofauti za faili mbili. Ikinyamaza, napeleka.