Mivinje imedumaa palipopita lori

SWALI: Nilivuna mivinje ya nguzo, nikapanda mingine masika. Kwingine imestawi, lakini kwenye njia ya lori imedumaa na kuwa manjano. Niweke mbolea ya nitrojeni, yurea?
Msomaji, Malindi

JIBU: Yurea iache kwanza. Siku mbili baada ya mvua, chomeka nondo nyembamba ardhini. Ikizama vizuri kwingine na kugoma sentimita 15 njiani, udongo umeshindiliwa: hewa haipiti, maji yanatuama, mizizi inatambaa juujuu. Mchanga mtupu hauathiriki sana. Udongo wenye mfinyanzi ndio hukaza, hasa lori likipita umelowa. Misonobari ya nyanda za juu nayo hupatwa na haya baada ya ukataji.

Kisha ng'oa mche mmoja mnyonge. Mvinje, ingawa si jamii ya kunde, una bakteria mizizini wanaouchukulia nitrojeni hewani. Tafuta makazi yao: vivimbe vilivyoshikana kama tumbawe dogo. Havipo? Huenda ndiyo sababu mojawapo ya umanjano, na yurea nyingi itazidi kuvizuia.

Usipoteze nguvu kuokoa miche iliyokwisha dumaa. Vunja tabaka gumu kwa sururu kabla ya mvua, udongo ukiwa mkavu, kisha chimba mashimo ya miche mipya, sentimita 45 kila upande, umbali wa mita 2. Kila shimo changanya debe la samadi iliyooza. Kitaluni, tia kwenye kila kiriba konzi ya udongo kutoka chini ya mvinje mkubwa wenye afya. Matawi yaliyobaki usiyachome. Yatandaze, ila yasiguse shina.

Mavuno yajayo, lori lishike njia moja tu.